Mgeni wa Chupani

Baba alianguka mkarafuuni katika miaka ile ya kupanga foleni ya mchele, na buibui akaja naye. Tawi lilimkatikia mkononi. Wachumaji wenzake walimleta nyumbani, nje kidogo ya Mtambile, wamemlaza juu ya jamvi la kuanikia karafuu, miguu yake haina habari naye. Mama alipomvua shati lililojaa majani na vumbi la magome, akatokea ndani ya ukosi buibui mchanga wa manyoya, wa aina ile inayokaa kwenye matundu ya miti na ikikua hujaa kiganja. Huyu hakuzidi ukucha wa kidole gumba. Mama akainua kandambili.

"Mwache," baba akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aletwe. "Huyo mgeni wangu. Tumekuja pamoja."

Mama akaishusha. Kwetu buibui hauawi, kwa ajili ya yule aliyemfungia Mtume mlango wa pango. Basi kazi ya kumtunza ikaniangukia mimi, binti pekee wa nyumba, na sikufurahi hata chembe. Nilikuwa na maji ya kuchota na muhogo wa kumenya, na baba wa kumgeuza ubavu huu na ule.

Nilimtia kwenye chupa ya jemu, nikatoboa kifuniko kwa msumari. Nilitaka kumwekea mchanga tu, lakini baba alinikataza. Kiumbe wa mtini hakai chini, alisema, msimamishie gome apande. Nikamsimamishia, naye akapanda mpaka juu, akajifumia njia nyembamba ya utando nyuma ya gome na kujificha humo. Maji nilimdondoshea ubavuni mwa chupa, akayafuata mwenyewe. Nilimlisha mchwa, na alipochangamka nikampa vitoto vya mende, nimeviponda kichwa kwanza visije vikamng'ata. Asubuhi nilitoa mabaki yasioze. Ni kazi ya kinyaa, asikudanganye mtu.

Hospitali ya Chake walimlaza baba, kisha wakamrudisha. Mgongo ukaanza kutoka vidonda. Akawa anasukuma sahani, leo nusu, kesho yote, na mwili ukamwisha. Mama alimbembeleza, akamkemea, akalia mbele yake. Siku moja baba akamwambia, kama mzaha, kwamba mwenyeji hali kabla ya mgeni.

"Mgeni kala?" akaniuliza.

"Kala, baba."

Akamega tonge la muhogo, akala. Akamega jingine.

Tangu siku ile mlo wa baba ulimtegemea yule mdudu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama alikuwa akisema kila anapopita karibu na chupa, na hakuwa akitania. Mama aliyekuwa akimkimbia mende nyumba nzima, sasa nilimkuta kapiga magoti jikoni, kifuu mkononi, anamvizia. Tulikuwa tukilala na njaa sisi wawili, na buibui ameshiba. Nilimpenda kwa hilo na nilimchukia kwa hilo hilo.

Kisha mgeni akaacha kula. Tumbo lake likawa jeusi, linang'aa, akaziba njia yake kwa utando mzito. Nilimtilia panzi mdogo, hakumgusa. Baba alikuwa akitazama kutoka kitandani. Alikwisha kuona magamba matupu ya buibui kwenye mikarafuu kwa umri wake wote.

"Anajivua," akasema. "Mtoe huyo panzi, atamtafuna mgeni akiwa laini. Na usimtikise."

Nikamtoa. Nikamletea baba sahani yake.

"Mgeni hajala," akasema, akafumba macho.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Mama akajaribu uwongo. Alisimama mlangoni akasema mgeni kala, kala vizuri. Baba akatabasamu kwa midomo iliyopasuka.

"Mama watoto, usimsingizie mgeni wangu."

Hapo nikaelewa, nikakasirika. Ni haramu mtu kujitakia mauti, na baba alikuwa mtu wa swala. Lakini nani atamlaumu mtu kwa adabu? Nilimfuata mama uani, nikamwambia baba anajificha nyuma ya buibui.

"Najua," mama akasema. "Nyamaza uchochee moto."

Asubuhi moja nilimkuta buibui chali, miguu juu. Nililia kwa sauti, na sikuwa nikimlilia yeye. Kumbe alikuwa anajitoa. Polepole gamba la zamani lilipasuka, akatoka mwingine, mkubwa zaidi, mweupe miguuni, amelegea kama aliyeamka na homa. Tulimngoja akauke na meno yakaze, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko ugonjwa wenyewe, maana baba alikuwa akinywa maji tu. Mwishowe nilimtilia mende. Alimrukia hapo hapo.

Mama alikuwa amebakisha mchele kidogo wa foleni. Akaupika kwa tui, laini, nikaubeba.

"Baba, mgeni kala. Wallahi kala, tazama."

Akatazama chupa kwa muda mrefu. Niliona anatafuta pa kutokea.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi sasa yeye ndiye mwenyeji. Mie ndiye mgeni, na n'shaaga."

Mama ndiye aliyechukua sahani mkononi mwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akafinyanga tonge dogo.

"Mgeni haondoki kwangu bila ya kuonja," akamwambia.

Baba akamtazama, akafungua kinywa. Alionja tonge lile moja, akalimeza kwa taabu, akamshukuru kama mtu ashukuruvyo nyumba ya watu. Mama hakumpa la pili.

Siku za matanga jiko letu halikuwashwa. Majirani walileta sahani zimefunikwa, na wanawake waliketi mkekani wakatuhimiza kula. Mimi nilitoroka nyuma ya nyumba, nikawa nafunua makuti ya zamani nikitafuta mende. Mama akanikuta huko, kajifunga kaniki ya eda, nikadhani atanigombeza kwa kuhangaikia mdudu siku kama ile.

"Tafuta mkubwa," akasema. "Huyo kakua, hao wadogo hawamtoshi tena."