Jina Kamili, Nambari Kamili: Safari Yangu ya Kayole

Niliondoka Wundanyi kwenda kujifunza kudanganya. Afadhali niliseme hili mapema, maana ninyi mlionituma mnajua, na wasiojua wataambiwa tu na wengine kabla hawajafika aya ya pili.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Kaunti ilitangaza mkutano wa kukusanya maoni ya umma kuhusu kituo chetu cha vijana: kibaki kwenye mpango wa mwaka ujao au jengo lipewe kazi nyingine. Na ili mkutano uhesabiwe, kila atakayehudhuria sharti aandike kwenye rejista jina lake kamili na nambari ya kitambulisho, kisha atie sahihi. Hapo ndipo tulipokwama. Tangu binamu yangu Mwakio achukuliwe barabarani baada ya maandamano, na watu wasiojitambulisha, akarudishwa akiwa hataki kuongea na mtu, hakuna kijana wetu anayetaka jina lake likae kwenye karatasi ya serikali. Mimi, katibu wenu, ndiye niliyesimama kwenye kikao nikasema vijana wa Kayole, Nairobi, wana njia: wanabadilisha tarakimu moja tu ya kitambulisho, na kituo chao bado kipo. Nilikuwa nimesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Mkanipigia makofi, mkaniambia niende nikajionee wanavyofanya.

Saa kumi na moja alfajiri mama alinifungia kimanga, mihogo na maharagwe ya kupondwa, kwenye bakuli la plastiki. Aliniuliza naenda kufanya nini hasa. Nikamwambia, "Mafunzo, mama." Alinitazama kidogo, akaniongezea kitambaa cha kufunikia bakuli.

Baada ya Voi basi lilisimamishwa kwenye kizuizi. Askari aliingia akikagua vitambulisho, na changu alikishika kwa muda mrefu kuliko vya wengine, akiipitia nambari kwa kidole hadi ile saba ya mwisho, au niliona hivyo mimi. "Wakesho. Unaenda wapi?" Nikasema kwa rafiki. "Haya, safari njema." Hakuna zaidi ya hayo, lakini hadi Mtito Andei nilikuwa nikigeuka kutazama nyuma. Nilikitia kitambulisho ndani ya soksi na huko kikakaa safari nzima, kikinichoma kifundo cha mguu. Cheka ukitaka.

Saa kumi jioni nilikuwa Buruburu, nje ya duka la dawa, nikimngoja Achieng', fundi cherehani anayewafunza wasichana kushona katika kituo cha Kayole. Tulifahamiana kwa simu tu. Alikuja na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, amesahau kuivua.

"Wakesho wa milimani! Karibu Eastlando. Mbona umekonda hivi, huko hamli?"

Buruburu ni mtaa wa watu waliojipanga: nyumba zenye vigae, malango yaliyopakwa rangi, maua nje. Ukifika Kayole mambo yanabadilika. Majumba ya kupangisha yamebanana hadi nguo za orofa ya tatu zinadondoshea maji nguo za orofa ya pili, na huku chini kila mlango ni biashara, mmoja anauza maharagwe yaliyochemshwa, mwingine anashona viatu. Watoto walikuwa wengi sana njiani. Nilimshika Achieng' mkono bila aibu.

Jioni hiyohiyo, kabla hata sijanawa uso, alinipeleka kuona kituo. Ni jengo dogo la mawe lenye vyumba vitatu. Cha kwanza kina cherehani. Cha pili kina kompyuta ambazo vijana hutumia kuombea kazi na nafasi za vyuo. Cha tatu kina kitanda kimoja na pazia, na huko muuguzi huja kila Alhamisi kuwaona vijana bure. Msichana mmoja alikuwa akifagia hapo. Achieng' alisema alikuja mwanzoni kwa ajili ya dawa tu, na sasa anashona sare za shule.

Nikamuuliza Achieng' nilichotumwa kuuliza. Ile njia ya tarakimu moja, mnaifanyaje?

Aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Nani aliwaambia ilitusaidia?"

Basi akanieleza. Kwenye mkutano wao wa kwanza ukumbi ulijaa, watu wakaongea hadi sauti zikakauka. Rejista ilipopita, kila mtu, bila kuambizana, akafanya ujanja wake. Achieng' mwenyewe aligeuza moja ya mwisho kuwa saba. Wengine waliandika majina ya mtaani. Mmoja aliandika Baba Chapo. Karani alipozihakiki nambari zile, nyingi zilikuwa za watu wengine kabisa, wa kaunti nyingine, na baadhi hazikuwa za mtu yeyote. Karatasi ilirudi imepigwa mstari, na chini yake maneno mawili: hawajulikani wahudhuriaji.

"Kwa hiyo kisheria hakuna aliyekuja," Achieng' alisema. "Ukumbi umejaa hivyo, na hakuna aliyekuja. Kesho ni mara ya pili na ndiyo ya mwisho. Ikirudi hivyo tena, tunakabidhi funguo mwisho wa mwezi."

Nilikuwa nimewashauri ninyi nyote mjichimbie shimo, tena kwa ujasiri, nikiwa nimeshika kalamu ya katibu.

Baada ya magharibi tulienda kwa Hassan, mwenyekiti wa vijana wa kituo. Anaishi na mama yake katika chumba kimoja na roshani, juu ya duka lao la nguo za jumla. Hassan alizaliwa hapohapo Nairobi, lakini kwa kuwa wazazi wake walikuja kama wakimbizi, kitambulisho chake kilimchukua miaka ya kurudi ofisini, kukaguliwa, kuitiwa wazee wa kumhoji ukoo wake, kuambiwa njoo wiki ijayo. Sasa anacho, na hutembea nacho mfukoni mwa shati, upande wa moyo.

"Kesho mimi naandika wa kwanza," alituambia. "Jina lote, nambari yote. Nikidanganya mimi mwenyekiti, nani ataandika ukweli?"

Mama yake alinimiminia chai ya iliki. Hassan alipotoka kupokea simu, mama huyo aliniegemea akanishika goti.

"Mwanangu, wewe ni mgeni, atakusikia. Mwambie asiandike. Wewe hujui nilivyosimama kwenye hizo foleni. Karatasi moja ilichukua miaka kuja. Kuondoka haitachukua hata siku."

Na nitawaambia ukweli: nilifanya alivyoniomba. Tukiteremka ngazi nilimwambia Hassan amwachie mwingine, aandike mtu ambaye karatasi zake hazina historia. Alisimama akanitazama, bila hasira.

"Na kwenu, siz? Wewe utaandika?"

Nikasema tutaona. Achieng' alikohoa, tukaendelea kushuka.

Saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa kama walivyosema. Akina mama wa sokoni, vibarua wa viwandani waliochukua ruhusa, wasichana wa cherehani wamevaa sare walizojishonea. Walizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akizungumza mbele ya serikali. Yule msichana mfagiaji alisema maneno machache tu, kwamba bila Alhamisi angekuwa amekufa, akaketi. Karani, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, aliandika kila kitu.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mwanamume wa jaketi jeusi. Hakuna aliyemfahamu. Hakuketi, hakula mandazi yaliyogawiwa, hakupiga makofi. Nilimwona mimi, kisha nikaona kila mtu anamwona.

"Huyo ni nani?" nilimnong'oneza Achieng'.

"Sijui. Usimwangalie."

Karani akafungua rejista juu ya meza, akaweka kalamu. "Haya, tuje mmoja mmoja." Wakati uleule yule wa jaketi akatoa simu na kuielekeza mezani.

Hakuna aliyeinuka. Watu waliokuwa wakipiga kelele dakika moja iliyopita waliangalia viatu vyao. Mama mmoja alianza kukunja leso yake. Mwingine akasema ameacha sufuria motoni. Nilielewa kabisa, miguu yangu ilikuwa tayari imegeukia mlango wa pembeni, nami wala sikuwa mkaaji wa pale, sikupaswa kuandika chochote.

Hassan akaenda. Alitoa kitambulisho mfukoni, akakiweka mezani, akaandika polepole, majina matatu, kisha nambari akiitamka kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, ukumbi mzima ukisikia. Akatia sahihi. Nyuma yake bado hapakuwa na mtu.

Ndipo mama yake alipoingia. Sikujua alikuwa nje. Alipita katikati ya viti akiwa ameshika ncha ya mtandio wake, akafika mezani, akamwambia karani, "Niandikie hapo chini yake. Mkono wangu si mzuri, lakini nambari naijua." Kisha akamgeukia mwanawe. "Wakikutafuta, watukute wawili."

Achieng' alinyanyuka akiwa analia. Yule mfagiaji akafuata. Baada ya hapo foleni ilifika mlangoni, na yule wa jaketi ilimbidi asogee kuipisha. Alipiga picha ya rejista mara mbili, akatoka. Hadi leo hakuna anayejua alikuwa nani.

Mchana Achieng' alinipeleka hadi basi langu. Aliniuliza nitawaambia nini nyumbani, nikasema nitawaambia kwamba niliwadanganya. "Waambie na kuogopa tuliogopa," alisema. "Wasidhani sisi ni wa chuma."

Safari ya kurudi sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilikivua kitambulisho kwenye soksi hapo Emali, kimepinda kidogo, nikakinyoosha kwa kiganja. Nyumbani mama alikuta bakuli limerudi na nusu ya kimanga, akanipokea akiniuliza kama mafunzo yalikuwa magumu.

Siku tatu baadaye ndiyo ilikuwa zamu yetu. Tangu jana yake nilikuwa nikimpigia Hassan, na kila mara naambiwa mteja hapatikani. Achieng' naye hakushika simu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Hassan alikuwa ameangusha simu ndani ya beseni la nguo, kwamba Achieng' alikuwa na sare za kumaliza, na kwamba rejista yao ilikubaliwa. Asubuhi ile sikujua lolote. Nilimwona tu Mwakio, ameketi kibarazani akitazama barabara kama anavyofanya siku hizi, na nilipompita na kumuaga alisema neno lake la kwanza kwangu kwa wiki nyingi: "Usiende."

Nilienda. Mlikuwepo, mliona. Niliwaambia ukumbini kwamba ile njia ya Kayole haikuwa njia, nikawaeleza kilichowapata, na hakuna aliyenipigia makofi safari hii. Karani wa huku kwetu aliweka kalamu, nanyi mkaangalia viatu vyenu. Nilisogea kwa sababu sikuona mwingine anayesogea, na kwa sababu kila mara nilipofumba macho nilimwona yule mama na ncha ya mtandio wake.

Niliandika jina lote. Nambari niliiandika kwa mkono unaotetemeka hivi kwamba tarakimu ya mwisho ilitoka vibaya. Karani akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akainama, akaweka kidole juu yake.

"Dada, hii ya mwisho ni moja au ni saba?"

Kalamu alikuwa nayo yeye tayari. Angeandika lolote ambalo ningemwambia.

"Ni saba," nikasema. "Iandike vizuri isomeke."