Maji ya Kukandwa

Wiki ya tatu baada ya kujifungua, nesi wa kliniki aliniuliza kama nalala, kama nalia bila sababu, kama namfurahia mtoto. Majibu nilikuwa nimeyaandaa tangu asubuhi, kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Nalala. Silii. Namfurahia sana.

"Hongera, mama. Unaendelea vizuri."

Nilirudi nyumbani Shangani nikiwa nimefaulu. Nikamlaza mtoto kitandani, nikakaa mbali naye, nikiamini kwamba angezaliwa na mwingine angekuwa salama zaidi.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Mikindani kunikanda mpaka arobaini ipite. Kila asubuhi alichovya kitambaa kwenye maji yanayofuka mvuke, akanikandamiza tumbo na kiuno. Wanawake hupiga kelele wakikandwa, wengine hutukana kabisa, na hakuna anayewalaumu. Mimi nilikuwa nasema, "Asante, shangazi."

Asubuhi iliyofuata siku ya kliniki, aliacha ghafla kunikanda, kitambaa kinachuruzika.

"Maji hayaunguzi?"

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida! Vidole vyangu mwenyewe vinawaka. Dada yako nilipomkanda alinipiga teke, beseni likapinduka. Wewe unashukuru?" Alicheka, kisha akanitazama. "Ulikuwa hivihivi tangu mdogo. Ulivunja kikombe changu, siku mbili huli, unasubiri nikuchape. Na kikombe chenyewe kilikuwa na ufa!"



"Yanaunguza," nilisema. Halafu machozi. "Shangazi, namwogopa mtoto. Naona namharibu."

Nilitegemea aniambie nisali tu, yatapita. Alinifunga kanga, akambeba mtoto, tukarudi kliniki siku ileile.

Nesi aliuliza maswali yaleyale. Safari hii nilijibu vibaya yote. Hakunikaripia. Alisema huzuni ya baada ya uzazi inaweza kumpata mama yeyote, ila sisi akina mama tunaojilaumu kwa kila kitu, tunaotaka tusikosee hata kidogo, hutupata kwa urahisi zaidi, nasi ndio hodari wa kuificha. Akanipangia siku ya kuonana na daktari.

Njia nzima ya kurudi niliwaza kama nimemsumbua nesi.

Asubuhi iliyofuata kitambaa kiliponigusa kiuno, niliuma meno kwa mazoea. Shangazi akangoja, mkono hewani.

"Nipoze?"

Niliyaachia meno.

"Poza, shangazi."

Akaenda kuchota maji ya baridi.