Kofi la Pili

Mjukuu wangu alipochagua Kifaransa katika shule yao ya bweni huko Bungoma, aliniuliza atarajie nini. Katika ukoo wetu mimi peke yangu ndiye niliyewahi kukaa kwenye darasa la lugha hiyo. Tulikuwa uani, hapa shambani karibu na Kiminini, tukipukuchua mahindi, na nilifurahi kuulizwa. Mzee wa umri wangu haulizwi mengi, ila kama amemeza dawa au bado.

Nilimwambia atarajie kukunja midomo kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Atarajie sauti zinazotokea puani, na kuchekwa anapozijaribu. Ataambiwa kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, wala hakuna atakayemweleza sababu. Atasomewa habari ambayo haioni na kutakiwa kuiandika yote. Ataimba hesabu na miezi mpaka aiote ndotoni.

Yote hayo ni kweli. Lililobaki sikumwambia, kwamba katika darasa letu mtu alitarajia kupigwa, na si na mwalimu tu. Nilidhani mambo hayo yalishakwisha na hayamhusu.

Likizo ya Aprili akaja kwetu, kama anavyokuja kila likizo tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Safari hii alikuja na hofu. Shule zikifunguliwa alikuwa na mtihani wa kuzungumza, yeye na mwalimu wake uso kwa uso.

"Guka, nisikilize miezi," alisema, akiniita babu kwa lugha ya kwetu. "Nikianguka hii, watanitoa Kifaransa. Na mimi naitaka, bana."

Tulikaa mezani sebuleni, bega kwa bega, kitabu katikati, chai ikipoa. Alianza vizuri. Alipofika katikati ya mwaka akakwama, akaruka mwezi mmoja, akarudi, akachanganya. Nikamwambia, "Encore," yaani tena. Hilo ndilo neno la Kifaransa ambalo halijawahi kunitoka kichwani. Akaanza tena, akakwama palepale. Nikasema tena "Encore," na safari hii sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya mwalimu wangu. Alipokosa mara ya tatu alicheka kidogo kwa aibu.

Nikampiga. Mkono ulitoka mezani kabla sijaamua kitu, kiganja kikiwa kimekunjwa kama bakuli, kikatua juu ya sikio lake. Kikombe kilianguka. Alishika upande wa kichwa akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha. Hakulia. Aliinuka, akatembea taratibu mpaka chumba anacholala, akafunga mlango kwa komeo.

Bibi yake alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Umempiga?"

"Alikuwa anacheka."

Mwiko ulinishukia begani, ukarudi mara ya pili, ugali moto ukanigandia shingoni. Katika maisha yetu yote hajawahi kuniinulia mkono.

"Wanangu uliwapiga nikanyamaza," alisema, akihema. "Huyu, hapana. Huyu anakuja hapa kwa sababu anakupenda, mjinga wewe."

Siku zilizofuata mjukuu wangu alisalimia, akala, akaosha vyombo. Kitabu cha Kifaransa hakikuonekana tena. Nilimsikia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba labda likizo ijayo atabaki kwao mjini Kitale. Nilisimama nje ya dirisha na ndoo ya maji ya ng'ombe mkononi, nikajua nilichokuwa karibu kukipoteza.

Nikamkuta uani akichambua maharagwe. Nikakaa kwenye gogo, mbali naye kidogo, nikamwambia nilichopaswa kumwambia aliponiuliza mara ya kwanza.

Nilisoma sekondari upande wa Bungoma. Familia yetu ilikuwa imehamia Trans-Nzoia kutoka katikati ya nchi, na shuleni niliitwa mtu wa kuja. Mwenzangu wa dawati alikuwa kijana wa Kimilili, mrefu, mcheshi, na ndiye aliyenifundisha kuelewa matusi ya pale ili nijue ninatukanwa lini. Kwa Kifaransa alinipita kabisa. Alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, na tulicheka juu ya hilo. Yaani yeye alicheka.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye soksi ndefu. Alitembea na kipande cha mpira wa maji, na alikitumia mgongoni, kwenye vidole, kwenye nyayo, kufuatana na kosa. Lakini kwa maswali ya mdomo hakujichosha. Kanuni yake ilikuwa kwamba anayejua anampiga asiyejua. Uliulizwa ukakosa, swali likaenda kwa mwingine. Akipata, anakuja mbele yako, unatoa mikono mfukoni, anakuzaba kofi mbele ya darasa. Siku ya Kifaransa bweni letu liliamka kimya. Kuna mvulana alitapika uji kila siku hiyo. Damu za pua zilifutwa kwa karatasi za daftari na somo likaendelea.

Mimi na mwenzangu tulikuwa na mapatano. Tukikutanishwa, kiganja kinalegezwa, na anayepigwa anageuza kichwa kwa nguvu ili ionekane. Tulikuwa tumefanya zoezi hilo bwenini mpaka tukawa mafundi.

Siku moja mwalimu alimwuliza mwenzangu miezi ya mwaka, jambo alilolijua usingizini. Alikuwa na malaria, macho yamemlegea, akakwama katikati. Swali likaja kwangu. Nikataja yote. Nikaenda mbele yake, nikalegeza kiganja, akageuza kichwa.

Mwalimu alitabasamu. "Mnaniigizia?" Akanizungusha kwa kola, akaniwasha kofi lililonibamiza kwenye kona ya dawati, mdomo ukapasuka. "Hilo ndilo kofi. Encore."

Nilisimama nikimeza damu. Mwenzangu akanong'ona, "Piga tu, bana. Piga tuishe."

Nikampiga kama nilivyopigwa. Alipepesuka akashika ukuta. Mwalimu akasema, "Sawa. Kaeni," akageukia ubao.

Hapo ndipo ningekaa. Kwa miaka mingi nilijisimulia habari hii kana kwamba nilikaa. Lakini mwenzangu alijaribu kunitolea tabasamu, tabasamu lile la mtu wa kwanza, na mimi nikaona wote wanaonita mtu wa kuja, nikaona jina langu likiwa chini ya lake muhula baada ya muhula. Nikakunja kiganja kama bakuli, kwa sababu nilikuwa nimeona wakubwa wakipiga hivyo na nilijua kinauma vipi, nikamtandika sikioni kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyeniagiza. Hata mwalimu aligeuka akasema, "Yatosha wewe!" Na nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi sana.

Damu ilitoka ndani ya sikio, nyembamba, ikateremka mpaka kwenye kola nyeupe. Muhula ule nilikuwa wa kwanza. Yeye aliacha Kifaransa, kisha akaacha shule.

Mjukuu wangu hakuwa ameinua macho kutoka kwenye ungo.

"Sasa huyo anasikia?"

"Sikio moja."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Yuko wapi?"

"Kimilili. Ana mashine ya kusaga unga, karibu na soko."

"Yaani unajua mahali yuko, na hujawahi kwenda?"

Nilikuwa nimepita pale mara nyingi, siku za soko. Nilipita upande wa pili wa barabara.

"Basi mimi pia usiniambie kitu, Guka," alisema, akamwaga maharagwe sufuriani.

Kesho yake nikaenda Kimilili. Mashine ilikuwa inanguruma, kina mama wamepanga foleni na madebe yao, naye yuko katikati ya vumbi la unga, mweupe kichwani, nyusi nyeupe, hata mtu asijue mvi ni zipi na unga ni upi. Aliniona. Alimaliza debe alilokuwa analisaga, akazima mashine.

"Mzee wa Kitare," alisema, akiiga matamshi ya watu wa kwetu. "Leo umekosea barabara? Wewe si hupita upande ule mwingine?"

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilipoteza sikio. Macho ninayo."

Kina mama walicheka. Nikasimama upande wake wa kushoto nianze kusema, akanisogeza kwa mkono mpaka kulia kwake. "Ongea hapa. Huko ni ukuta."

Nikamwambia pole. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, lakini lilitoka hilo peke yake. Nikamwambia pia kwamba nimempiga mjukuu wangu vilevile, mahali palepale, kwa swali lilelile. Hapo uso wake ukabadilika. Kicheko kikamtoka kabisa.

"Msichana?"

"Msichana."

"Anasikia?"

"Anasikia. Nashukuru Mungu."

Alifuta mikono kwenye aproni, haikufutika vizuri. "Taja miezi," akasema.

"Nini?"

"Miezi ya mwaka. Kwa Kifaransa. Si ulikuwa namba moja?"

Nikaanza. Januari ikaja, Februari ikaja. Nilifika Aprili, mwezi wenyewe tuliokuwa nao, na mbele yake pakawa giza tupu.

Sikuona mkono ukija. Miwani iliruka ikaanguka kwenye magunia, nikajikuta nimepiga goti moja kwenye sakafu ya saruji, sikio likivuma kama ile mashine. Mama mmoja alipiga yowe: "Mzee! Utaua mtu!" Mwingine akasema, "Mwache, hawa wanajuana."

Aliniinua mwenyewe kwa kwapa. Mikono yake ina nguvu bado. Aliniokotea miwani, akaipuliza unga, akanivalisha kama anayemvalisha mtoto kofia.

"Ulinipiga mangapi ya kweli?" aliuliza.

"Mawili."

"Haya. La kwanza uliambiwa, na mimi mwenyewe nilikuambia piga. Hilo limeisha, tumelipana. La pili lilikuwa lako." Nilisubiri. Nilikuwa tayari, hata niligeuza shavu lingine. "Hilo nabaki nalo," akasema, akarudi kuwasha mashine.

Nilisimama pale kidogo. Hakunitazama tena. Mama aliyefuata akasukuma debe lake, nami nikaondoka.

Nilipofika nyumbani mjukuu wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama shavuni kwa mshangao. Sikuwa nimejiona. Vidole vya yule mzee vilikuwa vimechorwa usoni mwangu kwa unga, na watu wote njiani walikuwa wameniona hivyo.

"Guka, nani amekufanya hivyo?"

"Yeye."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Amekusamehe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, na asingejua kamwe. Nikamwambia alivyosema, la kwanza na la pili, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Kisha akaingia ndani, nikadhani yameisha.

Alirudi na kitabu. Hakukaa kwenye kiti chake cha kawaida kando yangu. Alikivuta kingine mpaka ng'ambo ya meza, mwisho kabisa, ambako mkono wangu haufiki hata nikijinyoosha.

"Nikikosa utafanya aje?"

"Nitanyamaza."

"Shuleni kwetu mwalimu hutusaidia na herufi ya kwanza."

"Basi nitakupa herufi ya kwanza."

Akanisukumia kitabu, akafumba macho, akaanza kutaja miezi. Niliweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja chini. Alivuka Aprili, akavuka Mei, akafika palepale pa siku zote, akakosa. Nikampa herufi ya kwanza. Alifumbua macho, na kabla hajalitaja neno, aliitazama mikono yangu kwanza.