Nzi Aliyepewa Jina Lake

Tangu utotoni hakuwahi kukaa kitako akatulia. Shuleni walimwita Kiguu na Njia, na jina hilo likamfuata mpaka makumbusho alikoajiriwa, likafupishwa likawa Kiguu tu, naye akaitika. Ukimkuta kwenye chumba cha wadudu ungedhani kiti kinamchoma: anainamia hadubini, anainuka, anafungua droo, anaifunga, anakwenda dirishani, anarudi. Watu walijiuliza mwanamke wa namna hiyo anawezaje kazi ya kuhesabu vinyweleo kwenye mgongo wa nzi. Mwenyewe alisema nzi nao hawatulii, kwa hiyo wameelewana.

Nzi wake hawakuwa wale wa jikoni. Walikuwa wakubwa, wanene, wanaong'aa kama bati jipya juani: wa kijani, wa dhahabu, wa shaba, wa bluu iliyokolea. Jike hudondosha vifunza vyake udongoni, navyo hutambaa gizani mpaka vipate buu la mbawakawa, lile jeupe nene linalotafuna mizizi ya miwa. Vikilipata huingia ndani yake na kulila polepole likiwa hai, mpaka libaki ngozi tupu. Kiguu alipowaeleza wageni habari hizo, baadhi yao waliweka vikombe vyao vya chai chini na wasiviguse tena.

Aliyemfundisha nzi hao ni mumewe. Walikutana chumba hicho hicho, yeye akiwa karani wa kubandika lebo, mume akiwa mtafiti kijana, mpole, asiyejua kabisa kutongoza. Wenzake walipokuwa wanapanga maneno matamu, yeye aliandika makala ya kumtangaza nzi mpya wa bluu, akampa jina la msichana wake kwa Kilatini.

"Yaani umeniita nzi?" Kiguu alimuuliza.

"Nzi mzuri kuliko wote," alijibu, masikio yamemwiva.

Wakaoana. Miaka ikapita, mume akaugua kifua, na hakuinuka tena. Alimwachia mkewe hadubini, droo zilizojaa nzi, na mama yake mzazi. Mama mkwe huyo, fundi cherehani mstaafu, alihamia kwa Kiguu na kuja na picha kubwa ya yule nzi wa bluu, akaitundika sebuleni juu ya runinga. Kila aliyeingia, hata fundi bomba, alihadithiwa. "Huyo kagunduliwa na mwanangu. Na jina ni la huyu mkaza mwanangu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku bwana shamba alipokuja makumbusho na chupa iliyofunikwa kwa kitambaa cha chandarua. Ndani yake nzi wa bluu alikuwa anajigonga kwenye kioo.

"Mama, kitabu chenu kinasema anayemaliza yale mabuu ni nzi wa kijani," alisema. "Sisi kwenye miwa tunaona wa bluu watupu. Wenye shamba wanataka kupuliza sumu kote. Nikiwaambia tuna nzi wa kutusaidia, wananijibu huyo si yeye. Sasa wewe niambie, ndiye au siye?"

Kiguu alifungua mdomo aseme siye. Kwa mujibu wa kitabu, wa bluu alikuwa yule mwenye jina lake, spishi nyingine kabisa, na hakuna aliyejua watoto wake wanakula nini. Lakini hakulisema kabla ya kutazama. Alimtuliza nzi kwa baridi ya friji, akamweka chini ya hadubini. Akatazama vinyweleo vya usoni, mishipa ya mabawa, miguu. Kila alipotafuta tofauti kati yake na wa kijani, aliambulia rangi tu.

"Niachie huyu," alisema. "Na hao wenye sumu waambie wasubiri."

"Hawasubiriki hao, Mama."

"Basi wacheleweshe. Waambie pampu imeharibika."

"Imeharibika kweli," alisema bwana shamba, akacheka. "Ila fundi anakuja."

Alipoondoka, Kiguu alichukua koleo akaenda kwenye lundo la mbolea nyuma ya jengo, akachimbua mabuu mwenyewe, nguo ya kazini ikachafuka yote. Akayatia kwenye vikopo vya udongo mbichi. Yule nzi, ambaye alikuwa jike, alipozinduka na kudondosha vifunza, akavigawa, kila kikopo na chake. Halafu hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiyo kazi pekee asiyoiweza.

Alikwenda kuvitazama vikopo kabla hajavua mkoba begani. Alivitazama tena akitoka msalani. Nyumbani alipanga kabati la vyombo, akalipangua, akalipanga upya.

"Una nini wewe?" mama mkwe aliuliza. "Unazunguka kama pia."

"Kazi tu, Mama."

"Kazi gani inayokufanya utie chumvi kwenye chai?"

Kiguu alionja chai yake, akaimwaga. Angemwambia nini? Mumewe alikuwa na majike watatu tu, wakavu, wote wa bluu, waliokamatwa mahali pamoja. Kama rangi ilimdanganya, basi yule nzi wa ukutani hakuwahi kuwa spishi. Alijikuta akiomba vikopo vyote vitoe wa bluu, kisha akajikaripia. Mtafiti anayeombea jibu ni sawa na refa anayeshangilia bao.

Wa kwanza kutoka alikuwa wa kijani.

Akafuata wa bluu, halafu wawili wa rangi ya katikati, halafu kijani tena. Wote watoto wa mama mmoja. Kiguu alichukua dume, akakata ncha ya tumbo lake, akailainisha kwenye dawa, akailinganisha na ya dume wa kijani wa zamani kutoka kwenye droo. Kwa nzi hawa rangi inaweza kusema uongo, lakini viungo vya uzazi vya dume havisemi. Vilifanana kama vimepigwa chapa moja.

Alimwita mkuu wa idara. Naye akatazama, akatazama tena, akavua miwani.

"Achana nalo, Kiguu. Nani ataumia? Nzi wenyewe hawajui wanaitwaje."

"Bwana shamba anajua. Wakipuliza sumu, wanaua wanaowasaidia."

"Unajua linalofutika ni jina la nani?"

"Langu."

"Na kazi ya nani?"

Kiguu alitoka nje, akalizunguka jengo lote kwa miguu, akarudi, akapiga simu shambani. "Ndiye," alimwambia bwana shamba. "Kijani na bluu ni nzi mmoja. Nitakuandikia na muhuri juu."

Nyumbani alimkuta mama mkwe anatia kifungo kwenye blauzi. Aliongea akiwa amesimama, funguo bado mkononi.

"Mama, yule nzi wa ukutani..."

"Kafanya nini?"

"Hayupo. Yaani yupo, ila ni yule yule wa kijani. Jina la zamani, la huyo wa kijani, ndilo litakalobaki."

Sindano ikasimama. "Kwa hiyo mwanangu alikosea."

"Alikuwa na majike watatu tu, Mama. Hata mimi ningesema vile vile."

"Sikukuuliza ungesema nini." Mama alikata uzi kwa meno. "Tulishamzika mara moja. Sasa unataka tumzike tena, na safari hii wewe ndiye unayechimba."

Kesho yake mama mkwe alifunga mizigo, akahamia kwa binti yake.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Kiguu alikula akiwa wima jikoni na kulala kwenye kochi. Akimpigia wifi yake aliuliza lile lile: "Mama hajambo?"

"Hajambo, kanuna tu," wifi alisema. "Anashona foronya za mito ambayo hatuna."

Kisha, bila taarifa, mama mkwe akatokea makumbusho, mkoba kifuani, wifi nyuma yake anahema kwa ngazi.

"Nionyeshe hao watatu," alisema.

Kiguu alitoa kisanduku chenye lebo nyekundu, alama ya nzi waliotumika kutangaza jina jipya, akamkalisha kwenye hadubini, akamrekebishia lenzi. Mama alihamisha jicho toka nzi mmoja hadi mwingine. Chini ya kila nzi, kwenye pini, palikuwa na kikaratasi kidogo kama ukucha, chenye tarehe iliyoandikwa kwa mkono.

"Hii saba ni yake," alisema hatimaye. "Aliikata kwa mstari katikati namna hii. Mwalimu alimchapa sana kwa saba hii." Akaondoa jicho kwenye lenzi. "Sasa mnawatupa?"

"Hawatupwi, Mama. Jina linaweza kufa, hawa wanabaki. Atakayetaka kulichunguza jina lile, popote alipo, hana budi kuja kuwatazama hawa, na kusoma alichoandika."

Mama aliinama tena. "Wanang'aa kweli," alisema. Halafu, bila kuinua uso: "Bado sijakusamehe."

"Najua, Mama."

"Ila leo narudi. Kwa wifi yako kuna kelele mno."

"Mama!" wifi alilalamika, na hakuna aliyemsikiliza.

Wenye shamba walipuliza upande mmoja hata hivyo, maana pampu ilikuwa imeshapona. Upande wa pili wakauacha, na bwana shamba bado analeta chupa. Makala ya Kiguu ya kusahihisha ilitoka. Jina lake la Kilatini limo, kwa herufi ndogo, chini ya jina la zamani, kama jina lililofutwa. Akiufikia ukurasa ule huugeuza haraka, kisha huinuka kwenda kutafuta kitu cha kufanya.