Bunduki Iliyokataliwa na Jeshi

Bunduki ile niliichoka kabla sijaiona. Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Lidcombe, huku ughaibuni, ndiye aliyeibuni ujanani, rashasha fupi ya askari. Iliundwa moja tu ya majaribio. Jeshi likaitumbukiza kwenye matope, ikakwama, likaikataa. Kila asubuhi nikimvisha soksi, hadithi ni hiyo hiyo, matope ni hayo hayo.

Nilijiponza mwenyewe. Siku ya kwanza aliposimulia, nilimfanyia kama tunavyomfanyia mfiwa kwetu Uvira: niliketi, nikampa pole, nikamsikiliza mpaka mwisho. Wahudumu wenzangu wa hapa humkatiza wakaendelea na ufagio. Mimi, mtu wa umri ule ningemkatizaje? Basi akanihesabu miongoni mwa wafiwa.

“Umwambie tu uko busy,” mume wangu alikuwa akinicheka. “Shift iko na mwisho, mama!”

Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia giza. Akataka jambo moja tu: aione bunduki yake kabla hayajazima kabisa. Ilikuwa imewekwa kwenye jumba la makumbusho, na wa kumpeleka ni nani? Ni mimi, niliyekimbia kwetu kwa sababu ya bunduki nikazeekea katika kambi ya wakimbizi. Nilinuna njia nzima, lakini nilimpeleka.

Tulikuwa tumechelewa. Alibandika viganja na pua kwenye kioo, akakaa hivyo, kisha akasema haoni ila weupe.

“Niambie wewe ikoje.”

Nikaitazama. Kitako cha mbao, mtutu mfupi, chuma kinang'aa kama sufuria ya mgeni. Hasira niliyoimeza asubuhi zote zile ikanipanda.

“Ni nzima,” nilimwambia. “Haina hata mkwaruzo. Zile zilizokubaliwa na majeshi zilifika kwetu. Moja ilimuua kaka yangu mlangoni pa mama. Hii yako haijaua mtu, na wewe unaililia!”

Nikaanza kuogopa nimepoteza kazi. Kisha akauliza, polepole, kama ile ya mlangoni ilikwama hata mara moja.

Nilitamani kumzaba kofi.

“Haikukwama,” nikamjibu.

Akaondoa viganja kwenye kioo, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaniomba nimrudishe nyumbani.