Ng'ombe Aliyeitwa Kijivu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Mto Tana ulipofurika ukameza malisho yetu yote upande huu wa Garsen. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nina mtoto mchanga, na homa ilikuwa imenikausha maziwa. Mtoto huyo ndiye kaka yako mkubwa. Aliyemlisha ni ng'ombe wetu mmoja aliyesalia, wa mabaka meupe na meusi, naye akapotelea majini.

Tulikimbilia kambini, penye mwinuko. Ng'ombe waliookotwa walikusanywa zizini Garsen, na ofisi moja ya misaada ikaleta kompyuta. Kijana mmoja Mpokomo, mwenye adabu zake, aliwapiga picha, akaziingiza humo, na kompyuta ikataja rangi ya kila mmoja. Rangi hizo zilitangazwa kambini kwa kipaza sauti, maana njia ilikuwa matope matupu na si kila mtu angeweza kwenda kutazama. Ng'ombe asiyepata mwenyewe angechinjwa, watu wapate kitoweo. Hilo silaumu, mwenye njaa hana miiko.

Nilisikiliza. Mweupe, mweusi, kahawia, kijivu. Sasa, kwetu Waorma rangi ya ng'ombe ndiyo jina lake, na mabaka peke yake yana majina chungu nzima. Kumwita yule wangu kijivu ni sawa na kuniita mimi Juma! Basi nikatulia, nikijua wangu hakutajwa. Siku zikapita, mpaka jirani aliyekwenda kuchukua fahali wake akarudi akaniambia, "Halako, wa mabaka nimemwona kule zizini."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda, matope mpaka mapajani. Nilikuta ngozi yake imewambwa uani, bado mbichi.

Sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia. Nikamuuliza yule kijana, "Huyu mlimtangaza kwa rangi gani?"

"Kijivu, mama."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Programu aliyoiandika ilichanganya rangi zote za picha zikawa moja, kisha ikatafuta jina lililo karibu zaidi kati ya machache aliyoipa. Nyeupe ukiichanganya na nyeusi unapata kijivu.

"Na kama hakuna jina lililo karibu?"

"Inachukua lenye nafuu."

"Haiwezi kusema haijui?"

Akainamisha kichwa. "Sikuiandikia neno hilo, mama."

Nilikuwa na laana mdomoni, mwanangu, nakwambia kweli. Lakini alikuwa amekiri mwenyewe, nikaimeza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia tu, "Basi iandikie leo." Akaiandikia. Tangazo lililofuata lilisema wapo ng'ombe ambao rangi zao hazikujulikana, wenyewe waje kutazama. Watu wakaenda, na wengine wakarudi na mali zao.

Mimi nilirudi mikono mitupu. Kaka yako alikua kwa maziwa ya kuombaomba, kikombe kwa huyu, nusu kikombe kwa yule, na kile kifua kinachomsumbua hadi leo kilianzia hapo.

Sasa nawe umeingia kazi hiyo hiyo. Juzi ulinionyesha picha, mashine ikataja rangi zake kabla sijavaa miwani, ukacheka kwa furaha. Nilifurahi nawe, ila nimezeeka na sina nguvu za kusema mara mbili. Jina lililo karibu ni la kubahatisha, hata likitajwa na mashine. Iandikie mashine yako namna ya kusema sijui, na ulimi wako pia uuzoeze neno hilo. Kuuliza si ujinga. Tena, kabla hujapeleka jibu, jiulize ni nani anayelingoja na atafanya nini akilisikia.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na umri mrefu, na asikuletee mlangoni mama aliyebeba mtoto, anayeuliza jambo ambalo huwezi tena kulitengeneza. Amina.