Ubeti wa Nne

Harufu ya udongo uliolowa mvua ya kwanza hunirudisha kijijini kwetu, kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa nusu siku kutoka Tabora. Mvua ikinyesha majembe yalitoka, na majembe yakitoka mama yangu aliitwa. Alikuwa manju, mwimbishaji wa walimaji, na nyimbo alizitunga mwenyewe. Hakuazima za mtu. Babu, aliyekuwa mpagazi enzi za misafara, alimfundisha kwamba mzigo hubebwa na wimbo, bega husaidia tu. Mama akianza, majembe yote yalipanda na kushuka pamoja, nami binti yake nipo mstari wa mwisho na kijembe changu, najiona mtu mzima kweli kweli.

Mwaka ule, Waingereza bado wanatawala, mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, alitutaka tulime shamba lake kwanza, ya kwetu yangoje. Mama akamtungia wimbo. Beti tatu zilikuwa za kuchekesha tu. Wa nne ndio uliochoma: "Jembe la mwanangwa lina kutu, mikono yake laini kama ya mwali, mtama anaokula ni jasho la nani?" Haki ya Mungu, ulifika Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, kabla juma halijaisha! Mwanangwa akampiga marufuku kuimba popote. Majirani wakaja kumsihi, "Mama Nyamizi, mwenye nguvu mpishe." Mama akasonya. "Nimpishe aende wapi? Kulima hajui."

Siku ya kulima kwa mwanangwa tulikwenda wote, kwa adabu zote, tukalima kimya. Loo, jembe bila wimbo ni zito! Huyu anapiga, yule anajikuna, mwingine anaomba maji. Jua likafika utosini hatujamaliza hata kona moja, na mawingu yanakusanyika. Mwanangwa akaja anatweta, akamsimamia mama. "Haya, imba. Ila ule ubeti wa nne uache."

"Shikamoo, mwanangwa," mama akajibu, wala hakuinua sauti. "Wimbo wangu haukatwi mguu. Nauimba wote, nawe umesimama hapo hapo, au narudi zangu nyumbani."

Nilijua anaweza kufungwa. Mwanangwa akatazama mawingu, akatutazama sisi, akabaki pale pale. Mama akauimba wote, na ule wa nne akaurudia. Alasiri shamba likawa limekwisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwanangwa alisimama mpaka mwisho.

Leo pale hulima trekta, na waimbaji huuliza kwanza mgeni rasmi ni nani ndipo watunge. Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kijiji niuimbe wimbo wa mama. Kijana wa kamati akaninong'oneza, "Bibi, ubeti wa nne tuuruke. Mgeni rasmi ni mjukuu wa mwanangwa." Nikamwambia, "Nimekusikia, baba." Nikapanda jukwaani na magoti yangu haya mabovu, nikakohoa kidogo, nikaanza na wa nne.